Paa gumu la kuvua kwa gari la spoti la zamani: la kiwandani, la faiba la kuagiza, la fundi wa Kampala, au turubai jipya?

Mwenye Mazda MX-5 ya zamani, Honda S2000, BMW Z3 au Mercedes SL ya miaka ya tisini hapa Uganda hufika siku akasimama nyuma ya gari lake na kulikagua paa kwa huzuni. Turubai limepauka, mshono wa pembeni umeachia, kioo cha plastiki cha nyuma kimegeuka njano, na mvua imeanza kulowesha kiti cha abiria. Hapo ndipo wazo la paa gumu huingia: lile la kuvalisha juu, kufunga kwa makomeo, na kuvua unapotaka hewa. Makala haya ni ya aliyekwama hapo.

Paa gumu la kuvua lilibuniwa kwanza kwa nchi zenye majira ya baridi. Mwenye gari kule hulivalisha baridi inapokaribia, akalivua joto linaporudi, na katikati haligusi. Sisi hatuna kalenda hiyo. Kampala iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, karibu na Ziwa Victoria, jua la ikweta liko juu yetu mwaka mzima, mvua kubwa hunyesha Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, na hata katikati ya kiangazi wingu laweza kutoka ziwani mchana bila kubisha hodi. Ukilivua paa asubuhi yenye jua ukaliacha nyumbani Kira, mvua ikakukuta Nakawa, kitakachokuokoa ni turubai lililokunjwa nyuma ya viti.

Kwa hiyo hapa kwetu paa gumu halifuti deni la turubai. Anayetaka kuvua na kuvalisha anahitaji yote mawili yakiwa mazima. Anayeweza kulisahau turubai ni yule tu atakayelifunga paa gumu na kuliacha hapo. Jiulize basi, hata kabla ya bei: nitalivua mara ngapi?

Nitatumia zaidi mfano wa MX-5 ya kizazi cha kwanza na cha pili, yaani NA ya 1989 na NB iliyofuata 1998. Ni gari lenye vipuri vingi duniani (Mazda ilipita MX-5 milioni moja mwaka 2016), na paa gumu la NA hukaa kwenye NB, la NB likakaa kwenye NA. Kule Japani NA iliuzwa kwa jina la Eunos Roadster, hivyo ukitafuta, tafuta kwa majina yote mawili. Kizazi cha tatu, NC cha 2005, kina paa lake na haliingiliani na haya.

Vigezo vya kupimia

Kila chaguo nimelipima kwa mambo matano.

Kukaa na kuziba maji: je, paa linashika pale pale lilipokusudiwa kushika, na mipira yake inabana?

Uzito na mahali pa kuliweka: nani atalinyanyua, na likivuliwa litalala wapi?

Barabarani na kwenye maegesho: kelele, joto, kuona nyuma, vumbi, na wezi.

Gharama yote: bei ya paa ni mwanzo tu. Kuna usafiri, forodha, VAT ya asilimia 18, rangi, mipira na vyuma vya kufungia.

Linamfaa nani.

Kigezo cha kwanza ndicho kizito kuliko vyote. Paa ambalo halikai vizuri ni kama mfuniko wa sufuria ya jirani: litafunika, lakini mvuke utapita.

1. Paa la kiwandani lililotumika

Kukaa na kuziba maji. Hapa ndipo paa la kiwandani linapowaacha wenzake mbali. Kwenye MX-5 linashika mbele kwa makomeo mawili kwenye fremu ya kioo, mahali pale pale turubai linaposhika, kisha nyuma kwenye vyuma viwili vilivyofungwa kwenye ukingo wa bodi, na pembeni nyuma ya milango. Kila kitu kilipimwa kwa ajili ya gari hilo, na ukilivalisha vizuri mlango unafungwa kwa sauti ileile ya gari lenye paa la chuma.

Kuna mtego mmoja. Vyuma vya pembeni na vya nyuma hubaki kwenye gari la zamani paa linapouzwa. Muuzaji wa Japani au Uingereza anakutumia paa zuri, ukifungua kreti Kampala unakuta huna pa kulifungia. Gari lako lenyewe laweza kuwa halikuletwa na vyuma hivyo, maana paa gumu mara nyingi lilikuwa la kununua zaidi. Kabla ya kulipa, omba picha za kila komeo na kila bamba, na uandikiane kwamba vimo.

Mtego wa pili ni mipira. Ganda la paa laweza kuishi miaka thelathini bila shida, mpira hauwezi. Utakuta umekauka, una nyufa, umebonyea pale ulipokuwa ukikandamizwa. Hesabu seti mpya ya mipira kuwa sehemu ya bei, usiichukulie kama jambo la baadaye.

Uzito na mahali pa kuliweka. Paa la MX-5 lina kilo kama 20. Mtu mmoja mwenye nguvu anaweza kulitoa, lakini mikono miwili haifiki pande zote, na kona moja ikigusa buti rangi imekwenda. Fanyeni wawili. La S2000 ni la alumini na halichoshi sana. La Mercedes SL ya aina ya R129 ni la alumini pia lakini ni zito zaidi. Hilo usilijaribu peke yako, na wengi huweka winchi ya kulivutia juu kwenye gereji.

Barabarani na kwenye maegesho. Lina kioo halisi cha nyuma, na mengi yana nyaya za kuondoa ukungu kwenye kioo (ya miaka ya mwanzo ya NA mengine hayana, na gari lako laweza kuwa halina plagi yake). Ndani lina kitambaa cha dari, hivyo mvua haipigi kama kwenye mabati. Kwenye barabara ya mwendokasi ya Entebbe, ambako gari dogo la wazi hupiga kelele mpaka mnaacha kuzungumza, tofauti yake na turubai utaisikia mara moja. Bodi nayo inatulia kidogo kwenye mashimo, kwa sababu paa linaunganisha fremu ya kioo cha mbele na sehemu ya nyuma. Kwa mwizi mwenye wembe, paa hili ni habari mbaya.

Gharama yote. Ndiyo njia ya ghali kuliko zote, na mapaa haya hayaongezeki. Tangu 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa, hivyo hakuna NA wala NB nyingine zitakazokuja kuvunjwa kwenye soko la vipuri la Kisekka tukapata mapaa kutoka kwao. Marufuku hiyo ni ya magari. Paa huingia kama kipuri. Shida yake ni ukubwa: paa ni jepesi lakini linakula nafasi, na kwenye kontena la kuchangia mzigo wa namna hii hutozwa kwa mita za ujazo. Litateremka Mombasa, lipite Malaba au Busia, na lihitaji wakala wa forodha anayejua kulieleza kwenye karatasi. Weka risiti ya ununuzi na picha; mzigo usio na thamani iliyoandikwa hukadiriwa, na makadirio mara chache huwa upande wako. Ongeza rangi, isipokuwa umebahatika kupata namba ya rangi ileile ya gari lako.

Linamfaa nani. Anayelithamini gari kama lilivyotoka kiwandani, anayefikiria kuliuza siku moja kwa mtu anayejua, na mwenye subira ya miezi.

2. Paa la faiba la kuagiza

Haya hutengenezwa na karakana za Ulaya, Marekani na Asia kwa ajili ya magari maarufu. Tofauti kati ya moja na jingine ni kubwa kuliko tofauti kati ya paa lolote la kiwandani na jingine, kwa hiyo soma ulichoandikiwa, neno kwa neno.

Kukaa na kuziba maji. Mengine huja na makomeo kamili. Mengine hufungwa kwa boliti, kwa sababu yalitengenezwa kwa ajili ya mashindano ya magari, ambako hakuna anayevua paa katikati ya msimu. Kwa anayetaka kulivua Jumapili akaenda Jinja kuona mto, paa la boliti ni adhabu. Uliza pia kama matundu yametobolewa au utayatoboa mwenyewe, na kama mipira imo. Tegemea kusugua na kurekebisha kingo kabla halijakaa sawa. Fundi wa bodi mzuri anaijua kazi hiyo.

Uzito na mahali pa kuliweka. Mengi ni mepesi kuliko la kiwandani. Wepesi huo unatokana na kuondoa vitu: kioo halisi, kitambaa cha dari, wakati mwingine makomeo. Likivuliwa linahitaji nafasi ileile.

Barabarani na kwenye maegesho. Bila kitambaa cha dari, mvua ya Kampala hulia ndani kama ngoma, na jua la saa saba hushuka kichwani. Unaweza kubandika dari ya sponji na kitambaa hapa nyumbani. Mafundi wa viti wanafanya. Kioo cha nyuma huwa cha plastiki ngumu ya polikaboneti. Hakivunjiki ovyo, lakini hukwaruzika, na kisipokuwa na tabaka la kuzuia miale ya jua kitageuka njano. Waoshaji wa magari wenye kitambaa chenye mchanga ndio maadui wake wakubwa.

Gharama yote. Bei yake yenyewe mara nyingi ni ndogo kuliko ya paa la kiwandani lililo zima. Usafiri haupungui, maana ukubwa ni uleule. Rangi ni lazima, kwa kuwa huja likiwa jeupe au jeusi la malighafi.

Linamfaa nani. Mwenye gari la kuendeshea kwa furaha ya mwendo, ambaye atalifunga na kuliacha, na ambaye hajali kama mstari wa nyuma umetofautiana kidogo na wa kiwandani. Baadhi ya mapaa haya yana umbo la kushuka hadi kwenye buti, la kupendeza sana, ambalo kiwanda hakikuwahi kukupa.

3. Paa la kutengenezewa na fundi wa hapa

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo wengi wetu tutaishia, na ndipo matokeo hutofautiana kutoka kazi safi hadi hasara tupu.

Ufundi upo. Katwe imefua vyuma kwa vizazi, na mjini kuna mafundi wa faiba wanaotengeneza bampa, vipande vya bodi za mabasi na mitumbwi ya kisasa. Kinachokosekana mara nyingi ni kielelezo. Faiba hufuata umbo inalomwagiwa. Ukiwa na paa la kiwandani la kuazima kwa rafiki, fundi hulipaka nta, akachukua umbo lake, akapata kalibu ambayo inatoa mapaa mengi. Usipokuwa nalo, itabidi achonge umbo kwa sponji ngumu au mbao moja kwa moja juu ya gari lako, kazi ndefu inayohitaji jicho la msanii. Kwa kuwa la NA na la NB ni moja, wenye magari haya wakishirikiana kulipia kalibu moja, gharama ya kila mmoja hushuka sana. Sijui kwa nini jambo hili halifanyiki zaidi. Tungekuwa tumeshapata mapaa mazuri ya nyumbani.

Kukaa na kuziba maji. Kila kitu kinategemea nidhamu ya kazi. Uji wa faiba hukauka kwa kuchanganywa na kigumishi kwa kiasi kidogo sana. Kikizidi, unakauka kwa haraka, unapata joto na kupinda. Unyevu mwingi hewani nao huuharibu, kwa hiyo panga kazi Januari na Februari, au Juni na Julai, badala ya Aprili. Paa likitolewa kwenye kalibu kabla halijakomaa, litajikunja polepole nyuma ya karakana, na pengo la kidole litatokea juu ya mlango. Mwache fundi alikawize. Mahali makomeo yatakapofungwa lazima kuwe na bamba la chuma ndani ya matabaka, maana boliti iliyoshika faiba tupu itachanika siku ya tuta la kwanza lisilo na alama.

Kuhusu kioo cha nyuma, sina nafasi ya upole: usikubali kioo cha dirisha la nyumba. Kikipasuka hutoa vipande virefu vyenye makali, nyuma ya shingo yako. Dai polikaboneti yenye kinga ya jua, au kioo cha gari kilichotengenezwa kwa usalama.

Mipira inapatikana kwa mita katika maduka ya vipuri, ile yenye umbo la herufi D na gundi upande mmoja, lakini unene ni lazima upimwe. Weka chaki kwenye mpira, valisha paa, funga, kisha vua utazame: palipo na alama kwenye bodi panabana, pasipo na alama patavuja.

Uzito na mahali pa kuliweka. La fundi huwa zito. Hofu ya kuvunjika humfanya aongeze matabaka, na utajikuta una paa la kubebwa na watu watatu. Mkubaliane mapema, na mlipime kwa mizani.

Barabarani na kwenye maegesho. Likikaa vizuri, linalinda kama la kuagiza. Lisipokaa, litalia kwa kila shimo kati ya Kampala na Masaka. Faida yake kubwa ni kwamba likilia, aliyelitengeneza yuko umbali wa safari ya bodaboda.

Gharama yote. Hakuna meli, hakuna mpaka. Unalipia malighafi, siku za kazi, rangi na mipira. Lipa kwa awamu, na sehemu ya mwisho itoke baada ya gari kumwagiwa maji ukiwa umekaa ndani. Fundi anayejiamini hatakataa. Kabla hata ya kuanza, mwambie kwa heshima: bwana fundi, naomba nione kazi uliyoifanya miaka miwili iliyopita. Kazi ya jana hung'aa yote. Ya miaka miwili ndiyo inayoonyesha kama faiba imepasuka mistari na rangi imevimba.

Linamfaa nani. Aliye karibu na karakana, mwenye muda wa kupita mara kwa mara, na mwenye gari ambalo paa lake la kiwandani ni adimu mno au halikuwahi kuwepo.

4. Turubai jipya, bila paa gumu

Chaguo hili huachwa nje ya mazungumzo, na si haki.

Kukaa na kuziba maji. Turubai jipya lililofungwa vizuri haliruhusu maji kuingia, na hata mvua ya Mei haliogopi. Lipo la vinili, la bei nafuu, na la kitambaa maalumu chenye tabaka la mpira katikati, ambalo huvumilia jua kwa muda mrefu zaidi. Kwenye MX-5 hakikisha unanunua pamoja na mfereji wa plastiki unaokaa chini ya ukingo wa nyuma, ule unaopeleka maji kwenye matundu ya kutolea. Wengi hubadilisha turubai wakaacha mfereji uliopasuka, kisha wakashangaa zulia limelowa.

Uzito na mahali pa kuliweka. Linalala ndani ya gari lenyewe. Kwa anayekaa kwenye fleti Najjera bila gereji, hoja hii yaweza kuzishinda nyingine zote.

Barabarani na kwenye maegesho. Kelele zipo, na vumbi jekundu la muramu hujipenyeza. Wembe hulipasua kwa sekunde chache. Usiache begi wala simu ndani, hata kwa dakika za kununua rolex, ile chapati ya mayai. Kwenye NA yenye kioo cha plastiki, fungua zipu ukilaze kioo kwanza kabla ya kukunja turubai, la sivyo kitavunjika kwenye mkunjo. NB ilikuja na kioo halisi.

Gharama yote. Ya chini kuliko zote. Turubai jipya hukunjwa likaingia kwenye boksi, hivyo usafiri wake ni mwepesi. Mafundi wa viti wazuri hapa Kampala wanaweza hata kulishona, ukiwapa la zamani kama kielelezo, ingawa kona za nyuma zinahitaji mkono uliozoea.

Linamfaa nani. Anayeliendesha gari likiwa wazi mara nyingi, na ambaye raha ya gari hili kwake ni kufungua paa kwenye taa za barabarani na kulifunga tone la kwanza linapodondoka.

Mambo yanayohusu chaguo lolote

Matundu ya kutolea maji. MX-5 ina tundu kila upande nyuma ya viti, na majani na vumbi huyaziba. Yakiziba, maji hubaki ndani ya bodi, na kutu huanza kula vizingiti chini ya milango bila kuonekana. Mimina chupa ya maji polepole: yanapaswa kutoka chini ya gari, karibu na magurudumu ya nyuma. Paa jipya juu ya matundu yaliyoziba ni pesa iliyomwagwa.

Paa gumu halikukingi gari likipinduka. Si la kiwandani, si la faiba. Kazi hiyo ni ya upinde wa chuma nyuma ya viti, na ukitaka kuweka upinde, pima kwanza kama utakaa chini ya paa ulilochagua.

Mipira usiipake vaselini wala mafuta ya injini. Aina ya mpira unaotumika kwenye milango na mapaa ya magari huvimba na kulainika kwa mafuta ya petroli na jamii yake. Tumia grisi ya silikoni, kiasi kidogo. Mahali pa kuosha magari, mwambie kijana asielekeze mpira wa maji ya nguvu kwenye kingo za paa. Hakuna paa la kuvua lililobuniwa kwa shinikizo hilo.

Ukivalisha, teremsha vioo vya milango kwanza, anza mbele, shusha nyuma taratibu, kisha kaza makomeo yote kidogo kidogo kwa zamu. Turubai lililo chini lazima liwe kavu kabisa kabla halijafunikwa. Likikunjwa na unyevu likakaa hivyo wiki kadhaa, utalifungua ukute ukungu mweusi na harufu isiyotoka.

Paa lililovuliwa lilale juu ya sponji au godoro la zamani, lisikae juu ya mipira yake, na lifunikwe kwa shuka badala ya nailoni. Chunguza panya, kitambaa cha dari ni kiota kizuri sana kwao. Kama unalining'iniza, mwombe kwanza fundi seremala azitazame zile mbao za paa la gereji.

Kwa hali yako

Unakaa Kampala, gari linalala nje barabarani au kwenye uwanja wa pamoja, na hofu yako ni wezi na mvua: chukua paa gumu ulifunge moja kwa moja. La faiba la kuagiza lenye boliti linatosha, na la fundi pia, likipita jaribio la maji.

Huna gereji lakini unapenda kuendesha wazi: turubai jipya la kitambaa, na matundu yasafishwe kila baada ya miezi michache. Paa gumu litakugeuzia sebule kuwa ghala.

Una gereji, una mtu wa kusaidiana naye, na unataka uhuru wa yote mawili: tafuta la kiwandani, lakini tengeneza turubai kwanza. Ukibakiwa na pesa ya kimoja tu, iwe turubai.

Uko Kabale au Kisoro, ambako asubuhi ni baridi kweli na ukungu hukaa kwenye vioo mpaka jua lipande: la kiwandani lenye kioo cha nyaya lina faida ambayo mtu wa Entebbe hataiona. Uko Gulu, Arua au Moroto, kwenye joto na vumbi la kiangazi kirefu: paa lolote gumu unalochagua liwe na dari yenye kinga ya joto na rangi nyeupe au ya fedha, na hakikisha kiyoyozi kinafanya kazi kabla hujalifunga.

Una gari lisilo na mapaa ya kutosha sokoni, kwa mfano Toyota MR-S: nenda kwa fundi wa hapa, lakini tafuta kwanza mwenzako mwenye paa la kuazima kama kielelezo, hata kama yuko Nairobi, kwa sababu safari hiyo ni nafuu kuliko kuchonga umbo kuanzia mwanzo.

Na kama gari lako ni Mercedes SL ya R129 iliyokuja na paa lake, na paa hilo liko kwa aliyekuuzia, limeegemezwa ukutani: lifuate wiki hii. Agiza mipira mipya, chunguza makomeo, na uende na watu wa kulibeba pamoja na gari la mzigo lenye godoro ndani.